Zawadi Zilizorudi Kutoka Mabira

Vijana wangu, nimeuza zawadi za sikukuu hapa Nyaishozi miaka thelathini na ushei, na kilichonistaafisha ni magoti, si kukosa wateja. Duka sasa analo binti yangu. Mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mlango, nachambua maharage, na nyinyi mkija mnanisalimia, "Shikamoo Ma Paskazia," halafu mnainama na kuniuliza kwa sauti ya chini ili binti yangu asisikie: "Bibi, hivi mama mkwe nimpelekee nini?"

Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Lakini Desemba hii mmezidi, na mdomo umechoka kurudia. Basi nawaeleza wote kwa mpigo mmoja, pamoja na aibu zangu, maana katika kazi hii nimejifunza zaidi nilipoharibu kuliko nilipopatia.

Sikuzaliwa dukani. Wazazi wangu walitoka Burundi, wakaja huku kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa, na mimi nilikuwa nachuma kahawa nao mpaka nilipofika miaka ishirini. Aliyenitoa shambani ni Editha, mama wa Kihaya aliyekuwa na duka la vitenge, vyombo na makorokoro ya watoto. Sote tulimwita Ma Editha kwa heshima. Siku moja nilikwenda kununua sabuni, nikamkuta anabishana na mteja kuhusu rangi ya mtandio wa kumpelekea mama mkwe. Nikasema tu, "Yule mama mkwe wake namfahamu, ni mweusi wa kung'aa, mpe wa njano." Mteja akanunua. Ma Editha akanitazama, akasema, "Wewe, kesho usiende kwenye kahawa. Njoo hapa."

Sasa sikilizeni alivyonifundisha. Alikuja bwana mmoja wa kijiji cha Ndama, kavaa suti, Krismasi imebaki wiki moja. Akasema anataka zawadi ya mama yake, ana miaka sitini na mitano. Mimi nilishaanza kushusha mablanketi. Ma Editha akanishika mkono.

"Sikuuliza miaka," akamwambia yule bwana. "Mama yako akiamka asubuhi anashika nini?"

"Anashika nini namna gani?"

"Mkononi. Anashika nini?"

Bwana akababaika. Hajui. Ma Editha akamwambia aende nyumbani akaangalie, kisha arudi. Nikasema moyoni, mteja ndiyo kaenda, hatumwoni tena. Kesho yake karudi, safari hii bila koti. "Anashika kisu cha kumenyea ndizi," akasema. "Kimenolewa mpaka kimebaki kama sindano. Mama, sikuwahi kukiona kile kisu, na ndizi zake nimekula maisha yangu yote."

Akaondoka na visu viwili vizuri vya mpini wa mbao na sufuria yenye mfuniko. Baada ya mwaka mpya mama yake alikuja mwenyewe, mkungu wa ndizi kichwani, akautua juu ya kaunta yetu na kusema, "Nani kawaambia habari za kisu changu?" Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama.

Mtadhani baada ya somo kama lile nilikuwa nimeiva. Wapi! Mwaka wa kwanza Ma Editha aliponiachia duka peke yangu, alikuja mama mwenye watoto sita, wa miaka minne mpaka kumi na mmoja. Alitaka kitu kimoja kwa wote wasije wakagombana. Nikajiona nina akili sana. Nikampa filimbi sita za plastiki, rangi sita. Akanishukuru, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akazipenda, naye akachukua nne. Na wa nyuma yake. Mpaka jioni nilikuwa nimemaliza boksi zima.

Asubuhi ya Krismasi kanisani, padre hajamaliza hata ishara ya msalaba, filimbi ya kwanza ikalia upande wa kushoto. Upande wa kulia ikajibiwa. Kwaya wakajaribu kuimba kwa nguvu kuzifunika, ndiyo wakazichochea. Katekista alipita kila benchi akizikusanya kwenye kikapu cha sadaka, na kila akimaliza benchi moja, nyingine zinalia alikotoka. Mimi nilikuwa nimejiinamia, nimevuta kanga mpaka puani. Padre alipokuja kuhubiri alisema wachungaji wa Bethlehemu nao huenda walikuwa na filimbi, watu wakacheka, nikapona. Lakini wazazi walinisema hadi Pasaka. Tangu siku hiyo, zawadi ya mtoto naifikiria mara mbili: itakavyomfurahisha yeye, na itakavyomfanyia aliyelala naye nyumba moja.

Viatu navyo ni shule nyingine. Siku hizi mnaniletea namba ya kiatu kwenye simu. Zamani mzazi alikuwa anakata kijiti kwa urefu wa unyayo wa mtoto, anakuja nacho mfukoni, nasi tunakiingiza ndani ya kiatu na kuongeza upana wa kidole, maana mtoto anakua. Bwana mmoja aliona ni usumbufu kubeba vijiti vitano. Akaja na kijiti kimoja kirefu chenye alama tano. Alipofika kaunta akakigeuza huku, akakigeuza kule, hajui mwanzo ni upi. Tulipima mpaka jasho likatutoka. Alirudi baada ya siku mbili na viatu vyote, na wale watoto watano wakiwa nyuma yake peku, wamepangana kwa urefu. Hapo ndipo tulipopatia.

Mtoto mchanga msimsumbukie. Yeye hajui Krismasi ni nini. Mpelekeeni mama yake beseni, sabuni na kanga laini, mtaona atakavyowaombea. Vijana wa miaka kumi na sita ndio wagumu. Hawataki kitu ambacho baba yao angekipenda. Hao waulizeni rafiki zao.

Lakini niliyotaka kuwaeleza hasa ni habari ya Deusi wa Mabira, kwa sababu pale nilikaribia kuiharibu familia ya watu kwa mikono yangu, na si miaka mingi iliyopita. Ma Editha alikuwa ameshafariki. Mimi mwenyewe nilikuwa mzoefu, watu wananisifu, na sifa zilikuwa zimeanza kunilevya.

Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba. Simu ikalia, namba siijui.

"Shikamoo Ma Paskazia."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Deusi, mtoto wa Veneranda wa Mabira. Mama alizaliwa hapo Nyaishozi. Nikiwa mdogo alinileta dukani kununua viatu vya komunyo."

Mama yake nilimkumbuka, yeye sikumkumbuka. Akaniambia sasa ni dereva wa lori, makazi yake Geita, na ana miaka saba hajakanyaga nyumbani. Anataka nimchagulie zawadi za sikukuu za watu wanne na kuwapelekea: baba yake Mzee Gaspari, mama yake, mdogo wake wa kike Leonsia, na Anselmi, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye alimwacha angali mchanga wa kubebwa. Nikamuuliza kwa nini haendi mwenyewe.

Akasema, "Mzee hataki kuniona, Mama. Alinipa ng'ombe mtamba, hajazaa bado, nikamuuza nikajifunze udereva. Sikumuaga. Niliondoka asubuhi yeye yuko machungani."

Kwa watu wa ng'ombe hilo si jambo dogo, wanangu. Nikampa pole. Halafu nikafanya kosa ambalo Ma Editha angenipiga kofi: nikachukua kalamu na kuuliza miaka.

"Mzee amepita sabini. Mama sitini na kitu. Leonsia kumi na miwili. Anselmi saba."

Nikasema, "Niachie mimi." Nikamchagulia mzee mkongojo mzuri wa kuchonga na blanketi zito. Mama, kitenge. Leonsia, begi la shule la rangi ya waridi lenye picha ya paka aliyevaa taji. Anselmi, gari la plastiki. Nikafunga kwa karatasi za kung'aa, nikaandika "Kutoka kwa Deusi" kwenye kila moja, nikampa dereva wa boda ninayemwamini. Nikajisifu hata kwa jirani.

Siku nne zikapita. Akaingia msichana mrefu, mtu mzima kabisa, kavaa gauni lililoshonwa vizuri, na begani kabeba begi la waridi lenye paka. Mkononi ana mkongojo.

"Shikamoo Mama. Nimekuja kwa bibi kumletea samli ya sikukuu, nikasema nipite hapa." Akaliweka begi juu ya kaunta. "Huyu Leonsia wa miaka kumi na miwili ndiyo mimi."

Nikamtazama juu mpaka chini. Yeye alikuwa anajizuia, midomo inatetemeka, na mimi nilipoanza kucheka naye akaachia, tukacheka tumeshikana mikono juu ya lile begi. Kumbe Deusi alikuwa amenitajia umri aliomwacha nao. Miaka saba yote, kichwani mwake mdogo wake alikuwa bado anakwenda shule ya msingi.

Kisha Leonsia akaacha kucheka. Akausogeza mkongojo.

"Huu ndio mbaya, Mama. Baba aliupokea, akautazama muda mrefu. Akasema, 'Kwa hiyo anahesabu siku zangu zilizobaki.' Yeye anatembea na ng'ombe kutwa nzima, hajawahi kushika mkongojo. Fimbo ya kuchungia, ndiyo. Mkongojo, hapana. Amesema kitu kingine kikija kwa jina la Deusi kisivuke lango."

"Na mama yako?"

"Mama analia. Alifurahi sana alipoona jina la Deusi. Alidhani ndiyo mwanzo wa kupatana."

Nikakaa kwenye gunia la sukari. Yule kijana kule Geita alikuwa ameniamini. Katika miaka saba alikuwa amepata ujasiri wa kugonga mlango wa baba yake mara moja tu, na mimi nilikuwa nimemgongea kwa mkongojo.

Kesho yake nililiacha duka kwa binti yangu, wiki yenye wateja wengi kuliko zote, nikapanda pikipiki kwenda Mabira. Mvua zilikuwa hazijaisha. Tulianguka kwenye tope mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekumbatia mkungu wa ndizi niliouchukua kama zawadi ya ugeni. Nilifika natisha. Veneranda aliponiona hakuuliza ninatafuta nini. Alinipa maji ya kunawa, akanipa kanga yake, akanikaribisha kwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kisha maziwa.

Sikusema nimetumwa, na kweli sikuwa nimetumwa. Nilikaa nikatazama mikono. Veneranda alikuwa anachambua maharage kwa kuyasogeza karibu na pua, na mawe bado yanampita. Leonsia, likizo ya chuo cha ufundi cherehani imeanza, alikuwa anakata kitambaa kwa mkasi butu, anaung'ang'ania kwa mikono miwili. Lile gari la plastiki lilikuwa juu ya kabati, kuku amelitagia. Anselmi mwenyewe alikuwa uwanjani na lori alilolitengeneza kwa waya na kopo la mafuta, magurudumu ya kandambili zilizokufa. Lilikuwa na usukani mrefu, na linakata kona.

Jioni Mzee Gaspari akarudi na ng'ombe. Mtu mrefu, mgongo umenyooka kama mlingoti, gambuti zimefika magotini. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza habari za Nyaishozi. Nadhani alijua mimi ni nani. Sikumtaja Deusi. Nilimwomba anionyeshe ng'ombe zake.

Hapo mzee akabadilika. Alinitembeza katikati yao akinitajia jina la kila mmoja na tabia yake. Yule mwizi wa mahindi. Yule anayeogopa mwavuli. Tukafika kwa mmoja mzee, pembe zake ndefu, mwenye doa jeupe katikati ya paji la uso, amesimama kwenye kihori cha mbao akikilamba, na kihori ni kitupu.

"Huyu ni Kyasha," akasema. "Anataka chumvi ya mawe. Imeniishia wiki mbili sasa, na kwenda kuifuata ni mbali. Alizoea kubembelezwa. Kulikuwa na mtu alikuwa anamlambisha kwenye kiganja, kila jioni, mpaka akashindwa kula kwenye kihori kama wenzake."

"Mtu gani?" nikauliza.

Akampapasa yule ng'ombe shingoni. "Mtu," akasema. Halafu kwa sauti ndogo, "Mtamba aliyeuzwa alikuwa mtoto wa huyu. Ningemkubalia, unajua? Kama angesema baba nataka kujifunza gari, ningemtoa huyo huyo. Nilirudi jioni nikakuta kamba imefungwa vizuri mahali pake, na mtu hayupo."

Mtu akikufungulia jambo kama hilo, usiharakishe kulifunga kwa maneno yako.

Niliporudi Nyaishozi nilimpigia Deusi. Nikamweleza yote, kuanzia begi la paka. Alicheka, kisha nikafika kwenye mkongojo, kicheko kikakatika. Nikafika kwa Kyasha na kihori kitupu. Nikasikia amezima injini ya gari.

"Bado yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai, na anadai kubembelezwa."

Akasema, na sauti yake haikuwa ya dereva wa lori, "Mama, mpelekee baba chumvi ya mawe. Gunia zima. Usiandike jina langu popote."

Angalieni, vijana. Katika duka langu lote hakukuwa na chumvi ya mawe. Mimi kwa akili zangu nisingeifikiria kamwe kama zawadi ya Krismasi. Mimi nilichofanya ni kwenda kutazama na kumletea habari. Aliyejua cha kutoa ni mtoto wake mwenyewe. Tangu hapo, mteja akiniambia "nichagulie," namkalisha kwanza anisimulie habari za mtu wake. Na siku hizi mnaponitumia picha za simu, naomba picha ya mtu akiwa kazini. Ile ya kanisani na nguo zake nzuri hainisaidii kitu.

Veneranda tulimchagulia miwani ya kusomea, na nikachukua za nguvu tatu tofauti ili ajaribu. Leonsia, mkasi mzito wa fundi. Kwa Anselmi, Deusi alitaka gari kubwa zaidi la plastiki, la betri. Nikamwambia kuku ataongeza mayai. Tukampelekea bunda la waya laini, kandambili nne za zamani nilizozikusanya kwa majirani, na kopo dogo la rangi nyekundu na brashi.

Mkesha wa Krismasi, saa sita mchana, nilifunga kila kitu kwa gazeti la kawaida, nikakodi gari dogo lenye kubeba gunia, nikaenda. Nilikuwa naogopa lile lango kama mtoto anayepeleka barua ya mwalimu.

Mzee Gaspari alikuwa analinda ndama. Nikamwambia, "Mzee, nimekuletea chumvi ya Kyasha."

Akalishika gunia, akalifungua mdomo, akatoa bonge moja, akaligusa kwa ulimi. Akaufumba mkono wake.

"Hii umeitoa wapi? Wewe unauza vitenge."

"Nimeitafuta."

"Nani kasema nipelekewe chumvi?"

Sijui kudanganya mtu mzima machoni, na niliombwa nisitaje jina. Alinitazama, nikatazama gambuti zake. Akageuka akaenda kwenye kihori. Kyasha alikuwa ameshasikia harufu, anasukuma wenzake. Mzee hakumwaga kwenye kihori. Alilivunja lile bonge kwa jiwe, akaweka vipande kwenye kiganja chake, akanyoosha mkono. Ng'ombe akalamba. Nyuma yangu nikasikia Veneranda akisema, "Eh! Tangu lini?" Alikuwa ameshafungua kifurushi chake, amevaa miwani ya kwanza aliyoijaribu, imekaa upande, na macho yake yamekuwa makubwa kama ya bundi. Alimsogelea mume wake, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Gaspari," akasema, "kumbe umezeeka hivi!"

Mzee alicheka. Leonsia aliniambia baadaye kwamba alikuwa hajamsikia akicheka hivyo siku nyingi.

Kisha akafuta kiganja kwenye suruali, akaja mpaka niliposimama. Akasema, "Simu yako ina salio?"

Nikampigia. Deusi alipopokea, sikusema kitu, nikampa mzee. Mzee aliishika simu mbali na sikio kama kitu kinachoweza kuruka.

"Deusi."

Upande wa pili ukajibu, "Shikamoo baba."

"Marahaba." Akamtazama Kyasha. "Ng'ombe wako kala chumvi."

Hayo ndiyo yaliyosemwa kwa dakika nzima ya kwanza. Mengine sikuyasikia, kwa sababu mzee aliondoka na simu yangu mpaka mwisho wa zizi, akawa anazunguka kule akionyesha kwa fimbo huku na huku, kana kwamba Deusi anaona. Na kwetu huku kulikuwa na kelele: Anselmi alikuwa amefungua kopo. Alianza na lori, lori likawa jekundu. Rangi ikabaki. Akapaka mlango wa jiko. Akapaka mkia wa mbwa. Leonsia alipomkamata, alikuwa ameshamfikia jogoo.

Deusi hakuweza kuja Krismasi ile. Alikuwa na mzigo wa kuufikisha. Alikuja siku ya pili ya mwaka mpya. Nilikuwa nafungua duka asubuhi, nikaona kijana mpana, kavaa shati la safari lililokunjamana, kasimama kizingitini na begi mgongoni. Mrefu kama baba yake. Nikamjua kabla hajasalimia.

"Shikamoo Mama. Nimepata gari la kwenda Mabira, linaondoka sasa hivi. Nifungulie, nichukue kitu cha kumpelekea mzee. Sijui nini. Nimewaza njia nzima. Koti? Redio? Mama, nichagulie, wewe unajua."

Alikuwa ameshatoa hela, amezishika mkononi. Nilitazama rafu zangu. Makoti yalikuwepo. Redio zilikuwepo, mpya, za bei nzuri.

"Sikuuzii," nikamwambia.

"Mama?"

"Sina kitu cha kukuuzia leo. Gari litakuacha. Nenda!"

Akasimama akinitazama kama mtu aliyefukuzwa. Dereva kule barabarani akapiga honi. Nikamgeuza kwa mabega, nikamsukuma mgongoni na begi lake, nikamsukuma tena, na hatua ya tatu akaanza kukimbia mwenyewe. Katika miaka thelathini na ushei ya kuuza zawadi, huyo ndiye mteja pekee niliyemfukuza akiwa na hela mkononi, na nilisimama barabarani nikicheka na kufuta macho mpaka lile gari likapotea kwenye kona.